Mwenye Mayai Anarudi Majini

Bibi yangu Valmai anaweza kukwambia kamba ni wa ukoo gani bila hata kumwangalia. Anaingiza mkono kwenye ndoo huku anaongea na wewe mambo mengine kabisa, labda anakusema kuhusu suruali yako iliyotoboka magotini, halafu kidole gumba kinapita juu ya kichwa cha kamba mara moja tu, imeisha hiyo.

"Nywele," anasema. Au, "Kipara."

Na hakosei. Nilishawahi kumfunga macho na taulo la jikoni nikampa ndoo nzima, nikidhani leo nimempata. Wapi. Alimaliza ndoo akaniuliza taulo limefuliwa lini mbona linanuka kitunguu.

Kamba ninaowasema ni maroni, wale wakubwa weusi wa mtoni wenye magando ya kukukata kidole. Wako wa aina mbili huku kwetu. Wenye nywele wana vinywele vifupi vigumu kichwani na mgongoni, ukigusa ni kama kidevu cha mtu ambaye hajanyoa tangu juzi. Hao wako Mto Margaret peke yake. Sio Australia nzima, sio hata mto wa jirani. Ni huu mto wetu, basi, dunia nzima imeishia hapo. Vipara ndio wageni. Kuna mtu aliwaleta zamani kutoka mito mingine, na mpaka leo kila familia hapa ina mjomba wa familia nyingine wa kumlaumu. Kipara anazaa haraka, anakula sana, na anaoana na wenye nywele bila aibu. Watoto wanatoka mchanganyiko, nao wanaoana na vipara, na ukija kushtuka hakuna nywele.

Bibi ana themanini na kitu, na hicho kitu hakitaji. Maisha yake yote yalikuwa ng'ombe. Alianza kukamua akiwa mdogo kiasi kwamba kichwa kilikuwa kinaegemea paja la ng'ombe akiwa amesimama. Akaolewa, akaendelea kukamua. Babu akafariki, akaendelea kukamua. Lori la maziwa lilipoacha kupita barabara yetu akauza ng'ombe wote, akaingia ndani, akalala mpaka saa mbili asubuhi kwa mara ya kwanza maishani, akaamka na hasira. Anasema usingizi ule haukumfaa kitu.

Shamba la bondeni akamuuzia Grantley Sholl, daktari wa meno mstaafu kutoka mjini, aliyekuja na ndoto ya kupanda zabibu. Bibi hajawahi kumwacha apumzike.

"Ulizoea kung'oa, sasa unapanda," anamwambia. "Nchi ina maajabu."

"Val, fungua mdomo nikuangalie," Grantley anamjibu. "Hilo jino ndilo linalokutia ukali."

Kitu kimoja tu hakuuza. Kona ya mto, na dimbwi lake. Huku juu mto ukifika kiangazi unakatika, unabaki madimbwi madimbwi chini ya mikaratusi, mengi yanakauka kabisa. Dimbwi la Bibi halikauki. Na ndani ya dimbwi lile wenye nywele walikuwa bado wapo, wakati chini huko mjini walishakwisha zamani. Nimemsikia akisema mara nyingi, na akisema anaacha kufanya anachofanya: "Mimi nikifa nataka hili dimbwi liwe bado na nywele."

"Wewe mwenyewe kichwani zimebaki ngapi?" Grantley alimwuliza siku moja. Bibi alimrushia kipande cha keki. Alimpata.

Halafu akaja Ewan. Ewan Prideaux, mrefu, pua imeungua na jua mwaka mzima, anasomea kamba chuo kikuu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na begi na karatasi zenye picha, Bibi akadhani ni watu wa dini, akamwambia sisi tumeshaokoka, asante. Ewan akasema, "Nimekuja kuhusu maroni." Bibi akafungua mlango wote, akaweka birika jikoni.

Mpango wa Ewan ulikuwa rahisi. Huku juu uvuvi umepigwa marufuku, lakini yeye ana kibali, na wasaidizi wake pia. Kila majira ya kuchipua mnaweka mitego jioni, chambo ni chakula cha kuku kilichofungwa kwenye soksi ndefu za zamani za kike, asubuhi mnatoa. Wenye nywele wanarudi majini. Vipara wanaingia kwenye boksi la barafu, wanasinzia humo na hawaamki.

"Nywele, majini. Kipara, barafu. Hakuna cha kujiuliza, Bibi Val," alimwambia.

"Na mimi najiuliza nini, mwanangu? Nimeuliza?"

Ewan alipoona kile kidole gumba kikifanya kazi alicheka kwa furaha kama mtoto. Baada ya msimu ule hakuhitaji kuja kila siku. Dimbwi akamwachia Bibi, yeye akashughulika na madimbwi mengine. Na jamani, Bibi alifurahi. Alinunua buti mpya za mpira. Bibi yangu ambaye soksi zake zina viraka juu ya viraka, alinunua buti mpya. Akawa anamwita Ewan "Profesa" ingawa hata shahada yake ilikuwa haijaisha, na asubuhi ukimpigia simu anakata, anakutumia ujumbe: niko mtoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kutuma ujumbe. Hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoijua kwa muda mrefu.

Sasa tatizo. Madimbwi mengine ya Ewan, yale maji mabovu ambayo hakuwa na matumaini nayo, vipara walikuwa wanapungua. Polepole, lakini wanapungua. Dimbwi la Bibi, lenye mtu anayekaa pale mwaka mzima, vipara hawapungui. Kila msimu mitego inatoka na vipara wadogo wadogo, wapya kabisa, wanang'aa kama kalamu za shule. Na wenye nywele wanazidi kuwa adimu.

"Wanatoka mahali," Ewan alisema, anakuna ile pua.

"Mahali napajua," Bibi akasema, akaangalia upande wa mizabibu.

Grantley ana bwawa la kumwagilia, na bwawa lile mvua ikizidi linafurika linaingia mtoni. Bibi alishikilia hapo. Ewan akaenda akalikagua, akakuta vipara kweli, basi Bibi akawa hashikiki. Grantley, maskini, akaweka wavu kwenye mfereji wa kutokea. Msimu uliofuata vipara wadogo wakawepo vilevile. Akaweka wavu wa pili wenye matundu madogo zaidi. Wakawepo vilevile. Bibi akawa anamsalimia dukani mbele za watu: "Habari za asubuhi, mfugaji."

Novemba ya mwaka juzi Grantley akasema imetosha, anakuja mwenyewe kuona. Ewan naye alikuwepo siku hiyo. Asubuhi ya baridi kidogo, mimi nimetumwa kubeba birika la chai, Grantley amevaa kofia yake ya majani, Bibi ndani ya buti mpya ambazo sasa hazikuwa mpya. Ewan akavuta mtego wa kwanza. Vipara. Wa pili, vipara wengi na mwenye nywele mmoja mzee, gando moja hana. Bibi akamrudisha yule mzee majini akimwambia taratibu, baba, taratibu.

"Bwawa la daktari wa meno," akasema, bila kumwangalia mtu.

"Val, nyavu mbili zile hata kiluwiluwi hapiti," Grantley akasema. "Nimeweka kwa mkono wangu. Nimekaa kwenye tope, mimi, na mgongo huu."

"Ulikuwa unaziba meno hivyohivyo? Ndiyo maana watu wako hawana meno."

Ewan alikuwa anacheka. Akavuta mtego wa tatu. Ndani yake kulikuwa na jike mkubwa, mzito, amekunja mkia chini. Bibi akaingiza mkono, kidole gumba kikapita. "Kipara," akasema. Akamgeuza. Chini ya mkia mayai yamejaa, kama zabibu ndogo nyeusi zilizobanana. Na Bibi, mbele ya macho yetu sote, akatembea hatua zake fupi mpaka ukingoni, akainama akishika goti, akamweka jike yule majini kwa mikono miwili. Akasubiri mpaka ameingia chini ya jiwe. Akarudi, anafuta mikono kwenye sketi.

"Unaofuata," akasema.

Ewan hakuvuta unaofuata.

"Bibi Val," akasema. "Yule alikuwa kipara."

"Najua. Si nimekwambia kipara?"

"Umemrudisha."

"Ana mayai," Bibi akasema. Alisema vile unavyomwambia mtu kwamba maji yanalowesha.

Birika la chai lilikuwa mkononi mwangu na sikujua niliweke wapi.

"Na hao wengine wenye mayai," Ewan akauliza, polepole sana, "miaka yote hii?"

"Nimewarudisha wote. Kwa upole. Sijamuumiza hata mmoja." Na aliposema hivyo alinyoosha mgongo kidogo, kama mtu anayengoja asifiwe.

Inabidi niseme kuhusu baba yake hapa, la sivyo mtamwona bibi yangu ni mjinga, na si mjinga. Baba yake, Perce, alikuwa mtu wa mtoni. Siku hizo kamba walikuwa chakula, mkate mweusi, siki, kamba wa moto, hiyo ndiyo sikukuu. Na Perce alikuwa na sheria moja nyumbani kwake. Mwenye mayai anarudi majini. Huli, huuzi, humpi mtu, humwonyeshi mtu. Kaka yake Bibi, Leith, aliwahi kuleta mmoja nyumbani kwenye kopo la chai, hakuangalia chini ya mkia, au aliangalia akajifanya hakuona. Perce hakumpiga. Alimwambia avae koti, mvua inanyesha kweli, akamtembeza mpaka mtoni na kopo lake, akamfanya amrudishe na aombe msamaha. Kwa mto. Kwa sauti. Bibi alikuwa mdogo, aliwafuata nyuma, na mpaka leo anaweza kukuigizia Leith akiuomba mto msamaha huku meno yanagongana. Kila mtu huku amelelewa hivyo. Hata serikali ina sheria hiyohiyo. Ukikuta mtu na jike mwenye mayai kwenye ndoo yake, humsalimii tena.

Ewan aliposema kipara barafu, kwake mwenye mayai alikuwa humo humo, tena wa kwanza. Bibi aliposikia kipara barafu, kwake mwenye mayai hakuwa humo kabisa, kama vile ukiambiwa chinja kuku hufikirii kifaranga ndani ya yai. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Walikuwa wanakunywa chai pamoja miaka yote hiyo na hakuna aliyewaza kuuliza.

Ewan akageuza ndoo, akakaa juu yake. Nilidhani atagomba. Afadhali angegomba.

"Jike mmoja ana mamia, Bibi Val," akasema. "Mmoja tu anatosha kulijaza dimbwi."

Bibi akaangalia maji.

"Kwa hiyo sio bwawa la Grantley," akasema.

"Sio bwawa la Grantley."

Akamgeukia Grantley. Grantley aliyekuja asubuhi ile kwa ajili ya kushinda, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Basi unisamehe mdomo wangu," Bibi akamwambia.

"Ah, Val. Nimeshauzoea. Ukiufunga nitashindwa kulala."

Mtego wa nne ulikuwa na jike mwingine. Kipara, mayai. Si mnaona bahati yetu. Ewan akanyoosha mkono amchukue, Bibi akakataa.

"Dimbwi ni langu. Nipe."

Akasimama juu ya boksi la barafu na yule jike mkononi. Kamba mwenye mayai ukimtoa majini anakunja mkia, anafunika. Wote wanafanya hivyo, hakuna maana yoyote, Ewan ameshanieleza. Lakini alikunja mkia, na Bibi akawa anauangalia ule mkia, na mkono ulikuwa haushuki. Barafu ilikuwa inayeyuka, unaisikia inavyolia. Mwisho akamweka jike kwenye mikono ya Ewan, akageuka, akapanda kwenda nyumbani na buti zake, bila kuaga mtu.

Tulimkuta jikoni, chai nyingine tayari, biskuti kwenye sahani. Akammiminia Ewan kikombe.

"Umemweka?"

"Nimemweka."

"Sukari?" akauliza, ingawa anajua Ewan hatumii sukari. Akamwekea. Ewan akainywa yote.

Kiangazi kile kikaja kibaya. Kasuku weusi walipita wakipiga kelele, na huku kwetu wakipita watu wanatoa nguo kambani kwa sababu ni dalili ya mvua. Walipita, tukatoa nguo, mvua haikuja. Wakapita tena. Dimbwi lisilokauka halikukauka, lakini lilinywea mpaka mizizi ya mikaratusi ikabaki hewani kama miguu ya meza. Bibi alikuwa anashuka kila asubuhi anasimama tu. Hakuna cha kufanya na maji yanayopungua. Huwezi hata kuyagombeza, alijaribu.

Ewan yeye alikuwa na jambo lake, akalisema siku moja akiwa ameinamisha kichwa. Huko mjini wana matangi ya kuwazalishia wenye nywele wasipotee kabisa duniani. Hakuwahi kuchukua wa Bibi. Aliwaacha kwa makusudi, kwa sababu hili ndilo dimbwi alilokuwa na uhakika nalo.

"Ungesema," Bibi akamwambia.

"Ningesema," Ewan akakubali.

Majira ya kuchipua yalipofika akaja na mitego yote aliyokuwa nayo. Yule mzee mwenye nywele, wa gando moja, hakuonekana. Waliotoka ni vipara, na wa mchanganyiko, wale ambao kidole kinakuta kinywele kimoja kimoja kama ndevu za mvulana wa darasa langu ambaye simtaji. Bibi safari hii alikuwa anawaweka kwenye barafu mwenyewe, madume na wadogo, haraka, bila kuongea. Wenye mayai anampa Ewan, yeye anageukia upande wa pili, anajifanya anatafuta soksi za chambo.

Halafu siku ya mwisho akatoka jike mmoja. Kidole cha Bibi kikapita kichwani. Kikarudi. Kikapita tena, polepole, mpaka mgongoni.

"Sijui," Bibi akasema.

Sikuwahi kulisikia neno lile likitoka mdomoni mwake kuhusu kamba. Ewan akamshika, akamwangalia juani, akamgeuza. Mayai, tele.

"Hata mimi sijui," akasema. "Inabidi nikate ncha ya mguu, niipeleke maabara. Inachukua wiki kadhaa."

"Na yeye wiki hizo anakaa wapi?"

Ewan akaangalia mto. Akaangalia boksi. Bibi alishachukua ndoo.

Ndiyo maana chumba chetu cha kufulia hakifuliwi nguo tena. Jike aliingia kwenye karo kubwa la zege la kufulia, maji ya mtoni, mawe mawili, kipande cha bomba la kujificha. Grantley akaleta pampu ya hewa, ile iliyokuwa kwenye tangi la samaki la kliniki yake, pale watu walipokuwa wanasubiri kung'olewa. Inapiga kelele kama mtu anayekoroma. Grantley anasema wagonjwa walikuwa wanaipenda.

"Walikuwa wanaogopa kinachokuja," Bibi akamwambia. "Hata kelele ya shoka wangeipenda."

Majibu ya maabara yalipokuja Ewan hakupiga simu, alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni pale pale aliposimama siku ile tulipodhani ni wa dini. Bibi alimwona uso, akasema, "Mchanganyiko."

"Mchanganyiko. Pole, Bibi Val."

"Ingia. Usisimame kwenye baridi."

Na mayai yalikuwa yameshaanguliwa. Vikamba vidogo kama punje za mchele, vimeng'ang'ania chini ya mkia wa mama yao, vingi huwezi hata kuanza kuvihesabu. Mtoni haviwezi kwenda, vitazidisha mchanganyiko uleule. Kwenye barafu je? Ewan aliangalia uso wa Bibi na hakulitaja neno barafu. Alikunywa chai. Mlango wa chumba cha kufulia umefungwa nyuma yake, pampu inakoroma.

"Ule mlango wa nini?" akauliza, hageuki, kama mtu asiyejua.

"Wa kufulia."

"Sawa," akasema. Akaondoka bila kuufungua.

Sasa vimeshaachana na mama yao, vinatembea chini ya karo, na kila wiki ni vikubwa zaidi. Karo halitavitosha mwaka mzima. Kila mtu hapa nyumbani anajua hivyo na hakuna anayesema tutavipeleka wapi, kwa sababu hakuna pa kuvipeleka. Bibi akiamka, kabla ya chai, anaingia mle na kuingiza mkono majini, anatulia. Vinakuja. Vinapanda kwenye kidole gumba, na yeye anavipapasa kimoja kimoja mgongoni.

"Bado," ananiambia. "Bado wadogo mno, huwezi kujua."

Tunajua. Maabara walishasema. Namwambia sawa Bibi, nachukua kapu la nguo chafu, napita katikati ya mizabibu kwenda kufua kwa Grantley.